Vidole Viwili Juu ya Meza ya Daktari

Nakumbuka alasiri moja ya Januari, tulipokuwa tunaishi Garland, huku Amerika, niliporudi kazini nikafungua mlango wa nyumba yangu ukagoma. Kulikuwa na kochi nyuma yake. Nilisukuma kwa bega mpaka likasogea. Ndani nikamkuta mama yangu mzazi anazunguka sebule, amevaa koti langu la kazini, leso kaifunga kiunoni, na kila mkono umeshika dumu la maziwa lililojazwa maji. Jasho lilikuwa linamtiririka. Aliponiona hakusimama. Alimaliza mzunguko wake, akayaweka madumu chini taratibu, kisha akaniuliza kama nimekula.

Mwanangu, mimi nilichanganyikiwa. Nilisimama pale na funguo mkononi nikijiuliza kama mama ameanza kupoteza akili, au ni mimi nimeingia nyumba ya watu.

Ngoja nikueleze tulivyofika hapo, maana ukiyasikia mambo haya kuanzia katikati utafikiri ukoo wetu una wazimu.

Nilikuwa na miaka kama thelathini hivi. Kazi yangu ilikuwa kuendesha folklifti, ile gari ya kuinulia mizigo, kwenye ghala, zamu ya alfajiri. Mke wangu, Kerubo, alikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, naye aliingia kazini saa sita mchana. Tulikuwa na mtoto wa miezi minne na apatimenti ya chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya pili, ngazi zake ziko nje. Kama wengi wetu tunavyofanya, tukamwita nyanya wa mtoto kutoka Kisii aje akae nasi miezi sita. Kazi yake ilikuwa kumwangalia mtoto kwa yale masaa matatu kati ya Kerubo kuondoka na mimi kurudi.

Mama alikuwa mchumaji wa majani chai. Tangu nipate akili nilimwona akipanda kile kilima chetu na kikapu mgongoni, akirudi anakata nyasi za ng'ombe, akimaliza anateka maji. Sikuwahi kumwona ameketi mchana isipokuwa kanisani, na hata huko wimbo ukianza alikuwa wa kwanza kusimama. Kwa hiyo alipotua hapa Novemba niliapa moyoni kwamba huyu mama amechoka vya kutosha. Hapa atapumzika, apende asipende.

Na hata kupumzika kwenyewe nikatunga sheria zake. Asishuke ngazi, zinaganda barafu. Asipike, jiko la umeme halijui. Asibebe mtoto akiwa amesimama. Ampakate akiwa ameketi. Ufagio asiuguse kabisa. Nilimkalisha kwenye kochi, nikamfunika blanketi, nikawasha hita mpaka madirisha yakatoa jasho. Simu ikija kutoka nyumbani nilijigamba kwamba mama siku hizi hainui hata kikombe, nao wakanisifu sana. Kwetu ukitaka kumheshimu mzazi unamtafutia kiti. Hilo ndilo nililolijua, na nililifanya kwa moyo wangu wote.

Baridi ya huku nayo haikunisaidia kuelewa lolote. Jumatatu unatoka na fulana, Jumatano miti imevikwa barafu na shule zimefungwa. Mama aliniuliza mara kadhaa kama nchi hii imeshaamua ni majira gani. Siku za jua aliangalia nje, akaangalia viatu vyake, nami nikamwambia asidanganyike na lile jua.

Ilipofika Krismasi miguu yake ilikuwa imevimba. Ndara zilikataa kumwingia. Akitoka kochini kwenda chooni, hatua kumi tu, alikuwa anashika ukuta. Halafu siku moja aliniomba mkono nimwinue. Mwanangu, yule mama alikuwa ananishinda mbio nikiwa kidato cha pili. Sikuelewa mtu anavyoweza kupumzika mpaka akachoka. Nikanunua vitamini, nikaongeza mto mgongoni, nikaongeza hita.

Mwishowe nikampeleka kliniki. Kerubo alikuwa kazini, basi mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Akampima moyo, akampima damu, hakuona ugonjwa. Akaniuliza mama anatembea kiasi gani kwa siku. Nikamjibu kwa fahari kabisa kwamba hatembei.

Daktari alimwinamia mama, akaweka vidole viwili juu ya meza, akavitembeza kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, akavirudisha. Alisema miguu yake inakosa kazi. Ainuke kila saa, atembee humo humo ndani, abebe vitu vidogo. Akiendelea kukaa hivi, alisema, ipo siku ataanguka, na huenda asirudi kutembea kama zamani.

Mama akanigeukia. "Anasema nini?"

Nami nikajibu, "Anasema upumzike, Mama."

Mpaka leo sijui vizuri kwa nini nilisema vile, nami nimekuwa na miaka mingi ya kufikiri. Nilijiambia daktari huyu hajui mila zetu. Nilijiambia pia kwamba watu wa nyumbani wakisikia mama anafanyishwa mazoezi, watasema nimemleta Amerika kumtumikisha. Labda niliona haya kuambiwa kwamba heshima yangu ndiyo inayomvimbisha miguu. Yote yalikuwa kichwani kwa pamoja, na uongo ukatoka kabla sijachagua lipi ni lipi.

Wiki moja baadaye ndipo nikamkuta na yale madumu. Unaweza kudhani niliunganisha mambo. Wala. Nilitoka nje kwenye baridi nikampigia Kerubo, nikamwambia mama anazunguka nyumba amebeba maji na hakuna anakoyapeleka. Kerubo, anayeshinda na wazee kila siku, aliniuliza swali moja.

"Kwani daktari alisema nini exactly?"

"Alisema apumzike."

"Basi um-watch tu. Na usimfokee."

Sikumfokea. Nilifanya vibaya zaidi: nilimbembeleza. Nilirudisha mahali pake kochi alilolisukumia mlangoni apate nafasi, nikamwaga maji, nikampigia magoti nikimkumbusha kwamba daktari amesema apumzike, na kwamba akianguka mimi sitakuwa na uso wa kuonyesha nyumbani. Mama aliitazama mikono yangu iliyoshika yake. Alionekana kama mtu anayepiga hesabu ikakataa kutoka. Akasema sawa, akaketi, na hakuinuka tena ila kwa haja.

Nilifurahi, mwanangu. Ona nilivyokuwa. Nilifurahi kwamba nyumba imetulia.

Februari, siku ambayo ngazi zilikuwa zimeganda kweli, nilirudi nikakuta mlango wangu uko wazi. Ndani alikuwamo jirani yetu wa chini, Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tunapungiana mikono tu kwenye maegesho. Alikuwa amempakata mtoto wangu. Mama alikuwa sakafuni, ameegemea kochi, mguu mmoja kaunyoosha, leso imemteleza begani.

Mtoto alikuwa amelia kitandani mwake. Mama akataka kuinuka amchukue, magoti yakakataa, akaanguka. Mama Furaha alisikia kishindo, kisha akasikia mtoto analia bila kunyamazishwa, akapanda ngazi zile za barafu akabisha hodi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mama alijikokota kutoka kochini mpaka mlangoni ili aufungue. Sebule yetu ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukinyoosha miguu unagusa televisheni, na bado ilimchukua muda mrefu, huku mjukuu wake akilia chumba cha pili na yeye hawezi kumfikia.

Mama alikuwa hajavunjika popote. Mtoto alikuwa mzima. Nilirudia kusema hivyo kwa sauti, kama mtu anayekagua mizigo, mpaka Mama Furaha akanikatiza.

"Mbele nilikuwa nasikia huyu mama anatembea juu yangu kila siku, nikasema iko muzima. Kisha akanyamaza. Nani alimukataza?"

Mama ndiye aliyejibu. Alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili jirani naye asikie.

"Daktari alitembeza vidole juu ya meza. Mimi Kizungu sijui, lakini vidole niliviona. Nikajaribu kutembea. Lakini mwanangu akasema tena daktari amesema nipumzike, na mwanangu hawezi kunidanganya. Nikasema basi, macho yangu ndiyo yamezeeka."

Hakuwa amekasirika. Angekasirika ningepona. Alikuwa anaeleza tu, ameketi pale sakafuni, bado anatafuta kosa lake liko wapi.

Nikaketi naye chini nikamwambia. Nilimrudishia maneno ya daktari yote, moja baada ya jingine, mpaka lile la kuanguka. Nililia, sioni haya kukuambia. Mama Furaha alimgeuza mtoto dirishani akajifanya anamwonyesha barafu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kumbe macho yangu ni mazima." Akaninyooshea mkono nimwinue.

Alianza siku ile ile, akining'inia begani kwangu. Kwanza ilikuwa mzunguko mmoja wa meza, na baadaye mitatu. Chai ikiwa inachemka alishika sinki akawa anapanda na kushuka kwa vidole vya miguu. Kabla ya kula aliketi na kuinuka kochini bila kushika popote, akihesabu kwa Kikisii, na asipofikisha kumi chakula kilisubiri. Madumu yalirudi, nusu nusu, kisha yakajaa. Alinilazimisha nami nifanye, na hapo nikaona kituko kingine: mimi, kijana wa miaka thelathini, anayeshinda ameketi juu ya folklifti na kurudi kuketi juu ya kochi, nilikuwa nahema kabla yake. Nilijidhania mzima kwa sababu nachoka kila siku. Kumbe kuchoka ni kitu kimoja na nguvu ni kitu kingine. Ufagio aliuchukua bila kuniuliza. Akambeba mtoto mgongoni.

Jua likitoka alishuka zile ngazi, mkono kwenye kishikio, wakazunguka jengo na Mama Furaha, kila mmoja akimrekebisha mwenzake Kiswahili, na hakuna aliyekubali kurekebishwa. Uvimbe uliisha. Magoti hayakurudi yote. Goti la kushoto lilibaki na ukaidi wake mpaka mwisho wa maisha yake. Hilo ni langu, nami nalibeba.

Mwezi wa Mei nilimsindikiza uwanja wa ndege. Unajua tunavyofanya, tunaomba kiti cha magurudumu kwa kila mzazi ili asipotee humo ndani. Kikaletwa. Mama akakishukuru, akaweka mkoba wake juu yake, akatembea kando yake akimsaidia kijana wa watu kukisukuma. Kabla hawajaondoka alinivuta karibu.

"Umenitunza, baba," aliniambia. "Lakini mtu akinipa maneno, nipe yote. Yakiwa mabaya, nitajua mwenyewe pa kuyaweka."

Basi, mwanangu, sikiliza. Baridi ikija na nyumba ikiwa ndogo, usingoje uwanja wala mashine. Zunguka meza. Inuka kila saa hata kama huna unakokwenda. Jaza dumu maji ulibebe, na majirani wakikushangaa, acha washangae. Usiseme kazi imekuchosha basi mwili umefanya mazoezi, mimi nilidanganyika hapo hapo. Na mzazi wako akija kukutembelea, usimnyang'anye ufagio kwa jina la heshima. Muulize anataka kubeba nini, umpishe njia. Watoto wangu wa kuwazaa sasa wameanza kuniambia, "Dad, just sit," nami huinuka kwanza ndipo niwashukuru.

Lakini hayo ya miguu ni madogo. Kubwa ni hili: huku ugenini utasimama mara nyingi kati ya mzazi wako na daktari, mzazi wako na karani, mzazi wako na mwalimu wa mtoto wako. Kwa dakika zile atakuwa hana masikio mengine ila wewe. Utakapotamani kumpunguzia neno kwa sababu unampenda, kumbuka kwamba hatakushuku wewe. Atajishuku mwenyewe.

Mungu akujalie magoti yenye nguvu hata nywele zikiwa nyeupe. Akujalie mzazi wa kumpa mkono, na mtoto wa kukupa wewe mkono, na mdomo unaofikisha neno la mtu likiwa zima. Amina.