Perege Niliyemwita Mla Watoto

Mnisamehe wasomaji, mwandiko wangu umepinda na maneno mengine nimeyakosea, maana shule niliishia darasa la nne.

Mie ni mtumishi kwa Mzee Gulamu, Mhindi mwenye duka hapa Mtoni. Sebuleni ana sanduku la kioo lenye samaki wa rangi. Aliniruhusu nitie humo perege wawili, dume na jike, niliowavua mtoni. Wote walikaa vizuri mpaka jike alipotaga mayai mchangani. Kesho yake mayai hayakuwepo. Jike akaacha kula, na kila samaki aliyemsogelea alifukuzwa mpaka akajibana pembeni.

Nikatangaza nyumba nzima, "Huyu amekula wanawe!"

Siku zikapita, ukali ukazidi. Mzee Gulamu akasema, "Atamaliza samaki wangu. Mtoe, akaangwe."

Nikamweka kwenye bakuli la maji mbele ya wageni. Mie ninayeonaga haya hata kuamkia watu, siku hiyo nikajitia hakimu: "Mla watoto, leo zamu yako kuliwa!"

Akafungua kinywa. Vikatoka visamaki vidogo sana, vingi. Nilipochovya kidole, vyote vikarudi mbio kinywani mwa mama yao, naye akafunga. Kumbe muda wote huo alishinda njaa asije akawameza!

"Haya, hakimu," akasema mke wa Mzee, "nani akaangwe sasa?"

Wageni wakacheka mpaka machozi. Mie macho chini, lakini moyoni nilimpigia perege saluti.

Mnaofuga samaki, niandikieni tafadhali: mama kama huyu akae na nani?