Risasi ya Tatu

Ipo Jumapili moja ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Mke wangu analijua hilo wala hagombi, kwa sababu Jumapili hiyo yeye ndiye aliyekuwa hatua nne mbele ya mtutu wa bunduki yangu.

Mwanangu, umeniandikia kwamba unataka kununua bunduki ya marisawa ya kuvuta wenzo, kama yangu. Sitakukataza. Nikikukataza nitakuwa mnafiki, maana hata leo nikiitoa kabatini moyo unachangamka. Ule wenzo chini ya kifyatulio, unaouvuta kwa vidole vitatu: ukishuka, ganda la risasi iliyotumika linaruka nje, ukipanda, risasi mpya inaingia na bunduki iko tayari. Mlio wake ni mkavu, safi, kama mlango wa gari zuri. Wenzangu wa klabu ya shabaha wana bunduki za bei na za adabu. Yangu ina furaha.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na moja, shahada mbili na kofia pana ya ngozi. Shahada zilinipatia kazi ofisini. Kofia ilinipatia macho ya watu kwenye treni. Nilikulia Morogoro nikitazama filamu za kauboi katika kibanda cha video, na nilipofika London nikagundua kwamba mtu mzima mwenye leseni anaweza kabisa kuyafanya yale, alimradi awe na subira. Polisi alikuja kwenye fleti yetu ya Kilburn, akatikisa kabati la chuma nililolifunga ukutani, akamuuliza mke wangu Rehema kama mimi ni mtu wa hasira. Rehema akajibu kwamba ninapigia kelele televisheni tu, tena siku za mpira. Leseni ikaja.

Aliyenidhamini kwa polisi alikuwa Mzee Gurdip, Singasinga mzaliwa wa Nakuru, aliyeuza spea za matrekta kule kabla ya kuhamia Hayes, huku huku London. Yeye ndiye aliyenipeleka klabu, shamba moja nje ya jiji ambako mashine hurusha visahani vya udongo angani na watu huvipiga. Tuliongea Kiswahili njia nzima ndani ya gari lake, yeye cha kwake cha Nakuru, mimi nikijifanya sisikii makosa.

Sasa, nielewe vizuri hapa. Bunduki za wengi hukunjika katikati. Mtu akitembea nayo imekunjika, hata aliye mbali anaona haina kitu. Yangu haikunjiki. Ukiurudisha wenzo juu, imefunga, na ajuaye kilichomo ni wewe peke yako, kama unajua. Ndiyo maana kanuni ilikuwa moja: ukimaliza kupiga, shusha wenzo, hakikisha hakuna kitu ndani, uache hivyo hivyo wazi, ndipo ugeuke.

Jumapili ile Rehema alikuja kunitazama kwa mara ya kwanza. Visahani hurushwa viwili viwili, kwa hiyo huwekwa risasi mbili. Mimi niliweka tatu, kiwango chote ambacho sheria ya huku inairuhusu bunduki ile kubeba. Kwa nini? Nilipenda kuzisikia zikiingia. Basi. Nikapiga kisahani cha kwanza, kikasagika. Nikavuta wenzo, nikapiga cha pili, kikasagika. Na kwa kuwa mke wangu alikuwa ananitazama, nikauvuta tena kwa mbwembwe, chini na juu, nikamgeukia nikicheka, na mtutu nao.

"Umeona, mama?"

Mkono wa Mzee Gurdip, aliyesimama kando yangu, ukausukuma mtutu juu kabla sijamaliza kucheka. Hakupiga kelele. Aliichukua bunduki mikononi mwangu, akauelekeza mtutu shambani, akashusha wenzo. Risasi nzima, nyekundu, ikaruka ikaanguka kwenye majani.

"Hii ilikuwa ya nani?" akaniuliza.

Nikavua kofia.

"Nakuuliza wewe, bwana msomi. Hii ya tatu ulimwekea nani?"

Rehema aliitazama ile risasi, kisha akanitazama mimi. "Mama yangu ungemwambia nini?" akasema. "Eti ulikuwa unanionyesha?" Akaenda kukaa ndani ya gari, akafunga mlango.

Waingereza wawili waliokuwa nyuma yetu walitabasamu. Walidhani tunaongea habari za nyumbani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mzee alinikaripia kwa Kiswahili makusudi. Nikashusha pumzi. Nikafikiri basi, imeisha, imebaki kwetu.

"Sasa nenda kwa katibu wa klabu," akasema. "Mwambie wewe mwenyewe."

"Mzee, watanifukuza."

"Labda. Na mimi sahihi yangu iko pale polisi, wataniuliza. Lakini nikienda mimi, wewe ni mtu aliyeshikwa. Ukienda wewe, wewe ni mtu aliyekosea. Chagua, mimi nakunywa chai."

Nilitembea hadi kibanda cha ofisi yake, kofia mkononi. Katibu, mama mmoja mkavu mwenye mbwa mzee, alinisikiliza hadi mwisho bila kunisaidia hata neno. Kisha akaamua: msimu mzima sitapiga. Kila Jumapili nitasimama mahali watu wanapopitia wakitoka kupiga, na kila mmoja anionyeshe bunduki yake ikiwa tupu.

Nilisimama, mwanangu. Mvua, baridi, nilisimama. Nilichungulia ndani ya mamia ya bunduki tupu, na nikaona jinsi wapigaji hodari wanavyofungua taratibu, bila kuona haya, hata wanapojua hakuna kitu. Rehema alipokuja tena, msimu uliofuata, hakuangalia visahani. Aliangalia mkono wangu ukishusha wenzo, na ukikaa hapo. Kisha akasema nimenyeshewa, nivae koti.

Mzee Gurdip amekwisha kututoka. Nilimshukuru mara nyingi kwa chai na kwa lifti, lakini kwa lile karipio nilichelewa, kwa hiyo nalipa kwako.

Inunue, ukipenda. Ifurahie, hakuna dhambi katika mlio mzuri. Weka risasi unazohitaji, siyo zile zinazokuchekesha. Fungua, tazama, wengine nao waone, hata kama una hakika. Hasa kama una hakika. Na ukikosea, usingoje kusemewa. Nenda kwa miguu yako ukaseme.

Mungu akupe mtu wa kukusitiri mbele za watu na kukubana mkiwa wawili. Akupe jicho tulivu na mkono usio na haraka. Na kila utokapo na wenzako, mrudi nyumbani mkiwa wale wale mlioondoka.