Teke la Mtu Asiyeonekana

Wapendwa, mguu huu munaouona ulikufa, mimi mwenyewe nikiwa hai. Nisikilizeni.

Zamani nilikimbia mpaka upepo wa ziwa la Nakivale uliniomba nipunguze mbio. Kila Jumamosi asubuhi timu yetu ya kanisa ilikutana uwanjani, kando ya makaburi. Tulikaa kwenye majani yenye umande, tukavutana miguu huku tukiimba wimbo, beti zote, mpaka mifupa iombe msamaha. Tuliamini aliyevutwa hivyo haumii.

Asubuhi ile ukungu ulimeza hata magoli. Wimbo ulipokwisha, niliinuka na baridi yangu, nikafyatuka kuufuata mpira upande wa makaburi. Mtu akanipiga teke nyuma ya kifundo. Paa! Kama kuni kavu. Nikaanguka, nikageuka nimtukane.

Hakukuwa na mtu. Kwenye umande kulikuwa na nyayo zangu tu.

Bahati, golikipa wetu, alikuja mbio. "Hakuna mutu, ndugu yangu. Lakini ule mulio niliusikia."

Juu ya kisigino palibaki shimo. Nyumbani mama alitia kidole, akakitoa mbio. "Wa makaburi amekula nyama yako. Hospitali itajua nini? Tuombe."

Tuliomba mpaka sauti zikakauka. Mguu uliburutika nyuma yangu kama wa mtu mwingine. Na mimi ndiye niliyelisha nyumba, kwa kupeleka mahindi soko la Kaberebere kwa baiskeli!

Bahati akasema, "Mama, maombi inafika hata hospitali ya Mbarara." Tukaenda.

Daktari alinilaza kifudifudi, akabinya shavu la mguu wa kulia. Unyayo ukacheza wenyewe. Akabinya wa kushoto. Ukanyamaza kama wa maiti.

"Nani alikupiga teke?" akauliza, kabla sijasema neno.

Nywele zilinisimama. "Umejuaje?"

"Kano ya kisigino ikikatika, wengi husikia kama wamepigwa teke. Wanageuka, hawaoni mtu."

"Lakini tulijinyoosha!"

"Kunyoosha si vibaya, ssebo, bwana wangu, lakini peke yake hakulindi mguu uliopoa. Amsha mwili kwanza: tembea, kimbia polepole, rukaruka, ndipo uongeze mbio. Hata hivyo, hakuna kinga kamili."

Walinishona, wakanivika plasta nzito kuliko ng'ombe wa Ankole. Baadaye nilijifunza kutembea upya, nimeshika bega la mama. "Hata ukiwa mutoto ulitembea mbio kuliko hivi!" alinicheka.

Nawashukuru Mungu, daktari, Bahati na mama. Ninyi munaocheza, wimbo uimbeni mukitembea. Na teke kama lile likikupata, usikae kutafuta mchawi, wahi hospitali.

Juzi nilirudi uwanjani. Ukungu uleule. Nilikimbia polepole mpaka kwenye makaburi, nikageuka. Nyayo zangu tu.

Lakini za miguu yote miwili.