Kuni za Ng'ambo ya Mawe Meupe

Kaaha na jamaa zake wafugaji walipoletwa Modogashe mwanzoni mwa 1967, migunga ilisimama hatua chache tu kutoka seng'enge iliyozunguka kijiji. Serikali ilikuwa ikiwakusanya watu vijijini chini ya bunduki, ili shifta, waasi wa porini, wakose wa kuwalisha. Miezi minne baadaye, mafiga ya mamia ya nyumba yalikuwa yamekula kila mti hadi kwenye mawe meupe, mpaka ambao aliyeuvuka alihesabiwa adui. Ardhi iliyobaki uchi ilishika jua hata baada ya machweo, na upepo ukasomba vumbi hadi ndani ya vibanda.

Asubuhi moja Kaaha na wifi yake, Hinda, waliyavuka mawe. Walikuwa wakifunga mzigo wa kwanza risasi ilipopita juu ya vichwa vyao. Wakalala kifudifudi. Kaaha akasikia viatu vizito vikija, akaanza shahada kimoyomoyo.

Alikuwa Koplo Kinoti, mlinzi wa lango.

"Mnampelekea nani chakula?"

"Hakuna chakula, afande," Kaaha akajibu. "Ni kuni."

"Kuni ziko ndani ya mpaka, mama."

"Zilikuwa."

Kinoti akageuka kutazama kijiji. Uwanda mtupu, hata kijiti hakuna. Bunduki bado iliwaelekea. "Acheni huo mzigo, mrudi. Kesho si zamu yangu."

Hinda alilia njia nzima. Kaaha aliwaza. Jioni, akipika uji kwa vijiti vya mwisho, alihisi miguu ikiungua hatua mbili kutoka mafigani, na uji haujatokota. Joto jingine lilimchoma yeye, jingine likachukuliwa na upepo. Sufuria iliambulia masazo.

Kulipokucha alichimba shimo la kina cha kiwiko, akatoboa tundu la hewa upande wa upepo, akaketisha sufuria mdomoni mwa shimo, akiacha upenyo mwembamba wa moshi.

"Abaayo, dada yangu, unapikia kaburini?" Hinda akauliza.

"Afadhali iingie sufuria kuliko sisi."

Kuni za siku moja zikatosha siku tatu. Majirani wengi waliiga, wakapunguza safari za kuvuka mpaka. Arbia, mama wa watoto wawili, hakuiga. Ijumaa moja alivuka, na hakurudi.

Kaaha aliwachukua watoto wale wawili. Siku hiyohiyo akalipanua shimo, litoshe sufuria kubwa zaidi.