Ijumaa za Mwalimu wa Jiografia

Juzi nilikwenda Hamriya, hapa hapa Maskati, kumtafutia mama kitambaa, nikapita njia ya nyuma, nikakuta shule yetu ya wasichana imeshavunjwa. Nilibaki garini nikiutazama ule uwanja mtupu, na kilichonijia mwanzo, ndugu yangu, si kengele wala masomo. Ni mikate ya mapumziko: mkate laini, jibini ya kopo, na chipsi za pilipili zilizopondwa humo ndani. Tukila tumejibanza kwenye kivuli cha ukuta, mitandio myeupe imelowa jasho, Kiarabu na Kiswahili vikichanganyika midomoni. Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka kumi na tano.

Nilikuwa nikila na binti wa jirani yetu. Mama zetu wote wawili walizaliwa Unguja, na bibi yake alikuwa akitukaangia sambusa tukirudi shule. Alikuwa msichana mrefu, mcheshi, hodari wa hesabu. Siku moja, tukianua nguo juu ya paa la nyumba yao, aliniambia bila kunitazama, "Mie wavulana hawanishughulishi. Nnampenda msichana."

Nikamwuliza kama ana hakika.

"Tangu nna akili zangu."

Tukaendelea kukunja mashuka. Mimi sikumwambia mtu, lakini yeye alishamwambia msichana mwenyewe, na yule kwa woga akawaambia wenziwe.

Jumamosi, iliyokuwa siku ya kwanza ya wiki wakati ule, tulijipanga mistari asubuhi kama kawaida. Mwalimu mkuu msaidizi alipita nyuma yetu polepole. Hatukumwona, tulisikia viatu vyake tu. Vikasita nyuma ya rafiki yangu. Akauinua mtandio wake kwa ncha ya rula, akazitazama nywele alizokuwa amezikata fupi, akaushusha, akaenda zake. Nadhani angesema neno tusingeogopa vile.

Tangu hapo kwenye basi la shule hakuna aliyekaa naye ila mimi, na mama akaanza kupigiwa simu na wanawake wa mtaani kwamba anichunge. Kisha siku moja, penye mabomba ya maji, wasichana wakubwa walimzunguka, wakamvua mtandio, wakimwita jikedume. Ndipo alipotokea mwalimu wa jiografia, mama wa makamo, na yeye mtu wa Unguja. Hakupiga kelele. Aliokota mtandio, akaukung'uta, akamwambia, "Njoo unibebee ramani."

Akawa anambebesha ramani kila siku. Mapumziko tukawa tunakula sisi wawili katika chumba chake, chini ya feni iliyokuwa ikilia kama paka. Darasani alituambia mara moja tu, "Humu mwangu haitwi mtu jina asilopewa na mamake." Na siku moja, akipanga vitabu, alimwambia rafiki yangu kwa sauti ya chini, "Huna ugonjwa, mwanangu. Asikwambie mtu kuwa una ugonjwa." Rafiki yangu aliuweka mkate chini akalia mpaka kengele ikapigwa.

Siku chache baadaye nilitumwa chaki ofisini, nikamsikia mwalimu wa jiografia akibishana na mwalimu mkuu msaidizi.

"Babake lazima ajue," alisema msaidizi. "Nafanya kazi yangu."

"Unamjua babake?"

"Si kazi yangu kumjua."

Kesho yake gari nyeupe ilisimama langoni kabla ya saa ya kutoka, injini inanguruma, vioo vimepandishwa. Walimu walikuwa wakichungulia madirishani. Rafiki yangu alikuwa ameshika mkanda wa mkoba wake kwa mikono miwili, vidole vimemgeuka rangi. Mwalimu wa jiografia akamshika mkono, wakaenda pamoja hadi garini, mimi nyuma yao.

"Mwanao ana akili na ana adabu," alimwambia yule baba kioo kiliposhushwa. "Ijumaa nitakuja kumsalimia. Na Ijumaa nyingine pia."

Rafiki yangu akapanda. Gari ikaondoka.

Rafiki yangu hakurudi shule. Nyumba yao ikafungwa madirisha, harufu ya sambusa ikakatika. Usiku mama alikuwa akisimama uani akisikiliza upande wa pili wa ukuta, na nikimwuliza anasikiliza nini, ananiambia nikalale. Lakini Ijumaa ilipofika, mwalimu alikuja na sahani ya vitumbua, akagonga mpaka akafunguliwa. Hakuondoka bila kumwona mtoto kwa macho yake. Akaja na Ijumaa ya pili. Mwalimu akahamishiwa shule ya Kuriyat, mbali kule pwani, na bado kila Ijumaa aliipita barabara ya milimani akaja kugonga. Mule ndani wote wakajua kwamba yupo mtu atakayeuliza.

Mwishowe bibi ndiye aliyesimama mbele ya mwanawe, yule baba. "Mtoto atafanya mtihani. Nitampeleka mie." Akampeleka, akakaa nje ya chumba cha mtihani na tasbihi yake mpaka mtihani wa mwisho ukaisha.

Rafiki yangu alifaulu, baadaye akapata nafasi ya kusoma nje, na hajarudi. Yu mzima. Mara nyingine hunipigia simu, Kiswahili chake kile kile cha bibi.

Miaka mingi baadaye nilimtembelea mwalimu Kuriyat. Macho yameshafifia, akanimiminia kahawa kwa kupapasa. Nikamwuliza kilichompa moyo wa kuja Ijumaa zote zile.

"Kabla yake alikuwepo mwingine," alisema. "Shule nyengine. Babake alimfuata na gari vile vile. Kwa huyo sikwenda."

Sikuweza kumwuliza kilichompata yule msichana. Sasa mwalimu ameshatangulia mbele ya haki. Ya shule yetu nina mengi ya kukusimulia, lakini yule wa kwanza simjui hata jina, na aliyekuwa akilijua amekwenda nalo.