Kaseti za Mama kwenye Barabara ya Namtumbo

Pikapu ya mama ilinuka tumbaku, vumbi na petroli, na nilipokuwa na miaka tisa sikujua harufu iliyonifurahisha kuliko hiyo. Likizo ile mama alikuwa akienda Namtumbo kununua mahindi na kuyaleta dukani kwake Majengo, mjini Songea, nami nikikaa kiti cha mbele, miguu haifiki sakafuni. Redio ilikuwa ya kaseti. Mama aliipenda kwaya, akaifungulia hadi milango ikatetemeka, na kila wimbo ulipomchosha alishika usukani kwa mkono mmoja, wa pili ukipapasa kaseti nyingine chini ya kiti.

Siku moja asubuhi, tukirudi Songea, aliinama hivyo hivyo. Alipoinua macho, mzee mwenye baiskeli alikuwa mbele yetu kabisa. Mama alikata kona, akafunga breki, na mahindi yakagonga kioo cha nyuma. Mzee alikuwa amejitupa kwenye majani pembeni. Tulishuka mbio. Mama alisahau hata kusalimia; mimi ndiye niliyesema shikamoo.

“Marahaba, mjukuu wangu,” alijibu, akijipangusa magoti. Kisha akamtazama mama. “Mwanangu, nimepiga kengele mpaka kidole kimechoka. Hukusikia?”

“Sikusikia, baba. Redio ilikuwa juu. Na nilikuwa naangalia chini. Nisamehe.”

Hakuumia, ila gurudumu lilipinda. Mama alipakia baiskeli juu ya magunia, tukambana mzee katikati yetu. Kabla ya kuondoka mama alinikabidhi mfuko wa kaseti. “Kuanzia leo redio ni yako. Wimbo unachagua gari likiwa limesimama. Na sauti isizidi pale tunaposikia honi ya mwenzetu.”

Sijawahi kupewa cheo kikubwa kama hicho. Nilipunguza sauti, nikapunguza na besi iliyokuwa ikikoroma kwenye spika chakavu, na kwa mara ya kwanza tukasikia maneno ya ile kwaya waziwazi. Mzee alisikiliza kidogo, akaanza kuimba sauti ya nne, nzito na ya uhakika. Mama akaingia na ya kwanza. Tulipofika Msamala kwa fundi baiskeli, mzee alikataa kushuka mpaka wimbo uishe.

Gari langu la sasa lina vitufe vya redio kwenye usukani, na sauti yake ni safi mno. Lakini muda mrefu safari zetu zilikuwa kimya, kwa kuwa kila mwanangu alikuwa na muziki wake masikioni. Mwezi uliopita, kabla hatujatoka nyumbani, niliwaomba wavitoe visikilizio vyao na wachague pamoja. Walinuna. Tulipofika nusu ya njia walikuwa wanaimba, wakichekana kila mmoja alipokosea maneno, nami macho yangu yakiwa barabarani, nikaitikia kiitikio nisichokijua.