Mikono Waliyomnyooshea Mgeni Wetu

Nikikutana na mwenyekiti wa kwaya yetu hapa Nyanga, namsalimia kwa sababu nimelelewa, halafu napita. Hasira haijaniisha na sina haraka nayo.

Mgeni wetu alikuwa mwanamke Myahudi, daktari wa macho, aliyekuja Bukoba kufundisha wauguzi. Alipanga chumba cha uani kwangu. Mimi, mama mwenye nyumba, ni Mlutheri wa kuzaliwa, nilikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika, na Kiingereza changu kinatosha kutafsiri mahubiri. Jioni akirudi kazini alikaa barazani akapiga klarineti. Majirani waliokuwa wakianua kahawa walisimama na kumsikiliza.

Niliyemwomba apige kwenye tamasha letu la kwaya kule Muleba ni mimi. Hakukubali mara moja. Alimpigia simu kaka yake kwanza, wakabishana kwa lugha yao, kisha akaja jikoni uso umemshuka.

"Kaka anakataa," alisema. "Anasema wazee wetu walitoka na nyimbo hizi mikononi walipochomewa nyumba. Nikizipiga kwa watu wa dini nyingine zitakuwa burudani. Watapiga makofi, halafu waende kula."

"Na wewe unasemaje?"

"Baba yangu alipiga kwenye harusi za majirani Wakristo, nao walicheza mpaka wakavua viatu. Sikuona alichopoteza."

Akachagua nyimbo mbili: moja ya harusi, moja ya kubembeleza mtoto. Mwenyekiti aliposikia habari hizo alikuja nyumbani. Yeye alitaka wimbo wa Kiyahudi wa kuombolezea wafu, aliousikia kwenye simu ya mwanawe. Nilipomtafsiria mgeni, alitikisa kichwa.

"Huo hapana. Huo tunasimama kuuimba pamoja, sisi wenyewe, kwa ajili ya watu wetu."

"Wimbo ni wimbo tu, waitu, mwenzetu," mwenyekiti alisema, akacheka. Lakini alikubali, nikadhani yamekwisha.

Siku yenyewe kanisa la Muleba lilijaa mpaka watu wakachungulia madirishani. Hata Wakatoliki wa vijiji vya jirani walikuwepo. Alianza na ule wa kubembeleza, watu wakatulia kabisa. Alipoingia kwenye ule wa harusi, makofi yalianza ovyo, hayakupata mwendo, mpaka wapiga tarumbeta wetu wakaushika na kumfuata. Bibi mmoja, rozari shingoni, alitoka kwenye benchi akaja mbele akicheza, mabega yakimtetema kama msichana. Mgeni alicheka huku akipiga, akamsogelea, wakawa wanacheza wawili. Nimefundisha kwaya maisha yangu yote na sijawahi kuona watu wakiupokea wimbo wasioujua namna ile.

Makofi hayajaisha, mwenyekiti akachukua kipaza sauti.

"Wapendwa, mmemsikia binti wa Israeli! Kipaji anacho, lakini Mwokozi hajamjua. Tunyooshe mikono tumwombee, afunguliwe leo hii!"

Mikono ikanyooshwa kanisa zima. Watu waliofumba macho walikuwa wanaomba kwa sauti, na wengine wakaanza kusogea mbele. Mgeni alinigeukia, maana nilisimama kando yake kumtafsiria.

"Wanasema nini?"

Ningeweza kumdanganya kwamba wanamshukuru. Sikuweza.

"Wanaomba uache dini yako."

Aliikumbatia klarineti kifuani na kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa madhabahu. Mwenyekiti akanigusa bega. "Mwambie apige magoti."

Nilimpokonya kipaza sauti.

"Shusheni mikono!" nilipiga kelele. "Huyu ni mgeni! Tulimwita apige muziki, akapiga, mkacheza. Nani alisema amekuja kubadilishwa dini? Tuliimba kwenye harusi ya jirani yetu Muislamu, wakatulisha pilau tukashiba. Kuna aliyetunyooshea mkono tusilimu?"

"Mwalimu ameingiwa na pepo," mtu alisema nyuma yangu. Tarumbeta zikaamriwa zipigwe, zikaifunika sauti yangu. Nikamshika mgeni mkono, tukatokea mlango wa pembeni.

Tulipopita Kemondo tukirudi, alinigeukia ndani ya gari.

"Kaka yangu atasema aliniambia."

"Nisamehe," nilisema.

"Usiombe msamaha kwa ajili yao. Wao wenyewe ndio waombe."

"Ungepiga tena?"

"Kwa yule bibi, hata kesho. Kwa mwenyekiti wako, kamwe. Sasa niambie, nikisimama mbele ya watu nitawatenganishaje?"

Swali hilo lilinichoma zaidi ya yote. Nilitamani kumwambia kaka yake amekosea. Bado naamini amekosea. Lakini watu wangu mwenyewe ndio waliompa ushahidi, mbele ya macho yangu, wakiwa wamevaa majoho niliyoyapiga pasi mimi.

Wazee wa usharika waliniita. Mwenyekiti alikuwa amekaa katikati yao, mtulivu, kama aliyeonewa.

"Tulimwombea tu," alisema. "Kumwombea mtu ni kosa?"

"Tulimwita kwa tamasha, wewe ukamtegea ibada," nilimjibu. "Ungemwambia kabla, asingekuja. Ndiyo maana hukumwambia."

Mzee mmoja alikohoa akatazama meza. Mwingine aliniambia, kwa upole ulionikera kuliko ukali, kwamba mwanamke hapokonyi kipaza sauti kanisani. Kuhusu mgeni hawakuuliza hata swali moja. Wakanisimamisha kufundisha kwaya mpaka nitakapoomba radhi mbele ya usharika.

Mgeni alimaliza mkataba wake akaondoka. Tuliagana vizuri uwanja wa ndege, tukakumbatiana, naye bado hunitumia salamu. Hakuna mtu wa usharika aliyemwendea kumwomba msamaha, japo alikaa miezi mingine mitatu, na nyumba yangu wanaijua.

Radhi sijaomba. Jumapili nakaa benchi la nyuma. Sauti ya pili wanakwaya wanaikosea kila wiki, wote wanageuka kuniangalia, nami nafungua Biblia yangu nasoma.